Mashine Chumbani kwa Mama Mkwe

Seva yetu ya nyumbani imekaa katika chumba ambacho mimi siingii. Niliinunua mimi, niliifunga mimi skrubu kwa skrubu, na mfumo unaoiendesha niliuchagua mimi baada ya kuhangaika miezi mingi. Hata hivyo, nikitaka kujua kama taa yake ya mbele inawaka, lazima nimtume mtu. Ni chumba cha mama mkwe. Kwetu mwanamume haingii anapolala mama wa mke wake, awe yumo au hayumo, na mimi pamoja na fizikia yangu yote na ubishi wangu wote sijawahi kufikiria kuivunja desturi hiyo. Mambo mengine mtu huyabishia, mengine huyaacha yalivyo.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Songea, na tunaishi Mshangano, mahali ambapo mji unaanza kuchanganyika na mashamba ya mahindi. Wazo la seva lilianza kwa hasira. Mimi ni mtu wa kuwaka haraka kitu kikipotea. Mwaka ule simu ya mke wangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikiwa na picha zote za komunio ya binti yetu mkubwa, na haikupita wiki mbili flashi yangu yenye mitihani ya miaka mitano ikafuliwa ndani ya suruali, ikaanikwa, ikapigwa pasi. Nilitangaza mezani kwamba basi, imetosha. Nitatengeneza sanduku moja, litakaa nyumbani, na kila simu na kila kompyuta ya humu ndani itamwaga vitu vyake humo.

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Linatunza na sauti?"

"Linatunza chochote. Sauti ya nani?"

"Ya baba."

Mke wangu ni kitinda mimba. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge huko Tanga, na alifia hukohuko mke wangu akiwa na miaka minne. Kaka yake na dada yake walio hai wanaikumbuka sauti ya mzee, wakikutana huigiza alivyokuwa anakohoa kabla ya kusema jambo zito, na wote hucheka. Yeye hucheka pamoja nao, lakini hajui wanachekea nini. Alichokuwa anakijua ni kwamba mama yake, kule Namtumbo, alikuwa na kaseti tatu ambazo mzee alijirekodi akazituma nyumbani, na kwamba kaseti hizo haziguswi na mtu.

"Ukiweza kuiweka sauti ya baba humo," akasema, "tengeneza hata masanduku mawili."

Tangu siku hiyo mashine ilikuwa na kazi maalumu, hata kabla sijanunua waya mmoja.

Nilipata kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini kwa watu, nzito, ya rangi ya majivu, imara. Diski mbili mpya nikaagiza Dar, zikaja kwa basi zikiwa zimefungwa ndani ya boksi la biskuti. Nilitaka mbili ili kila kitu kiandikwe pote, moja ikifa nyingine ibaki na kila kitu. Niliifungua mashine juu ya meza ya chakula, nikapuliza vumbi, nikabadilisha feni, nikaziweka diski. Nakiri nilikuwa nafurahia mno. Nikaipeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa na cherehani na magunia, mahali pakavu, mbali na chai na mipira ya watoto.

Mwezi uliofuata magoti ya mama mkwe yakamzidi. Ikaamuliwa aje akae kwetu, awe karibu na hospitali. Akaja na kikapu, kuku wawili, dumu la togwa na begi moja la zipu ambalo hakumruhusu mtu yeyote kumbebea. Chumba kilichokuwapo ni kile kidogo. Magunia yakatoka, cherehani ikatoka, nikawa natafuta pa kuihamishia mashine. Sebuleni pana vumbi na watoto. Chumbani kwetu mke wangu alikuwa ameshasema wazi kwamba halali na kitu kinachonguruma zaidi yangu.

Ilikuwa Juni, na asiyewahi kukaa Songea mwezi Juni asinieleze habari za baridi. Mama mkwe aliketi kitandani, akanyoosha miguu, akahisi hewa ya uvuguvugu inayotoka nyuma ya mashine. Mimi nilikuwa koridoni, hatua tatu kutoka mlangoni, nikisikia kila neno.

"Mwambie mkwe akiache hicho kidude," akamwambia mwanawe. "Kinanipasha miguu."

Mke wangu akatoa kichwa nje. "Mama anasema ukiache."

"Mwambie mama sawa," nikasema.

Ndivyo tunavyozungumza, mimi na yeye, hata tukiwa sebule moja tunatazama taarifa ya habari moja. Ninamwamkia asubuhi, "Shikamoo mama," macho chini, naye ananiitikia vizuri sana. Lakini neno lolote lenye uzito linapitia kwa mke wangu, na kumkosoa ni jambo lisilokuwapo kabisa. Sitaki mtu afikiri ni uadui. Yule mama ananipenda, nami nampenda. Ila tuna adabu zetu.

Basi seva ikawa ya kwake kwa namna fulani. Wiki ya kwanza aliishonea kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya pinki, kama vile vilivyo juu ya redio na kochi. Mimi nilijulia sebuleni, kwenye laptopu, nilipoona joto la mashine limepanda ghafla. Ikabidi mke wangu aende kueleza kwamba matundu yale ya pembeni ndiyo pua yake. Mama akaelewa, akafuma kingine kidogo zaidi, kinachofunika juu tu. Kwa kweli kinapendeza.

Kasheshe ilianza mvua zilipoanza.

Mama mkwe ana utaratibu wa radi. Wingu likianza kuwa zito juu ya milima ya Matogoro, kabla tone moja halijaanguka, anasimama. Anafunika kioo cha kabati kwa khanga. Anachomoa televisheni, anachomoa friji, anachomoa pasi ambayo hata haikuwa imewashwa. Mwisho anarudi chumbani kwake, anachomoa seva, anakaa kitandani na rozari mpaka anga litulie. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo wengi wetu huku tulivyolelewa, maana radi za huku si za mchezo. Mimi mwenyewe utotoni nilikuwa nafukuzwa dirishani.

Lakini seva siyo pasi. Unapoichomoa katikati ya kuandika, inabaki na nusu ya jambo. Nilikuwa nimeiwekea mfumo ule ninaoutumia shuleni, kwa uvivu tu, kwa kuwa nilikuwa naujua. Sikuutendea haki, haukukusudiwa maisha ya namna ile. Mara ya tatu kuchomolewa, mashine ikawaka, ikasimama kwenye skrini ikingoja mtu abonyeze kitufe kukubali ukaguzi. Skrini hiyo haikuwapo, maana mashine haina skrini. Mwenye kidole cha kubonyeza alikuwa sebuleni, na chumba kilikuwa cha mama mkwe.

Nikasema tatizo ni umeme, nikanunua betri ya akiba, UPS, ili akichomoa ukutani mashine iendelee. Mvua ikaja, akachomoa. UPS ikaanza kulia pii, pii, pii. Tukiwa sebuleni tukasikia, "Yesu na Maria!" kisha kimya. Alikuwa ameufuata waya hadi mwisho, akachomoa na ule wa pili.

"Mwambie mkwe," akasema alipotoka, bado anahema, "kile kingine kilikuwa kinaita radi. Nimekizima."

Mke wangu alinitazama kwa uso mkavu kabisa, mikunjo ya kicheko ikitetemeka pembeni mwa mdomo. UPS ikahamia kwenye televisheni.

Hapo ndipo nikakaa chini kuchagua mfumo endeshi kwa akili timamu. Nilisoma mtandaoni jioni baada ya jioni. Watu hubishana kuhusu mifumo kama mashabiki wa mpira, kila mmoja na jezi yake. Huyu anasema upi una kasi, yule upi una sura nzuri, mwingine upi hauli kumbukumbu. Hakuna hata mmoja aliyeandika la kufanya iwapo seva inakaa kwa mama mkwe. Nikachukua karatasi nikaandika masharti yangu mwenyewe. Uwe wa kuendeshwa wote kutoka sebuleni. Umeme ukirudi uamke wenyewe, usimwulize mtu swali. Na uweze kuchomolewa katikati ya neno usiumwe.

Mke wangu aliisoma ile karatasi akacheka mpaka akakaa. "Wenzako wanachagua mfumo," akasema. "Wewe umechaguliwa na mama."

Jaribio la pili lilikuwa mfumo uitwao Linux, ule wa kawaida. Iliamka vizuri mara nyingi, lakini nilikuwa nimeipanga vibaya mimi mwenyewe, na siku moja ikagoma kuendelea mpaka ihudumiwe kwa mkono. Kila kubadilisha mfumo kulimaanisha mke wangu aitoe mashine mpaka sebuleni, nami niifanyie kazi mezani siku mbili au tatu. Mama akawa anahesabu. "Mwambie mkwe miguu yangu imeganda," ndio ujumbe uliokuwa unaletwa na chai.

La tatu likawa lenyewe. Ni Linux pia, ila ya jamii iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kutunza mafaili tu, na namna yake ya kuandika kwenye diski ndiyo iliyonivuta. Mifumo mingi ukirekebisha faili huandika jipya juu ya la zamani. Huu hauandiki juu ya kitu. Huandika pembeni, kwenye nafasi safi, na ukishamaliza ndipo unasema haya, sasa lenye kutumika ni hili. Ukichomolewa katikati, la zamani liko palepale halijaguswa. Na kwa kuwa ya zamani hayafutwi papo hapo, unaweza kuuambia kila saa moja uweke alama: hivi ndivyo mafaili yalivyokuwa saa hii. Alama hizo nikauagiza uzihifadhi kwa wiki mbili. Kusema kweli hiyo ya alama niliiwasha kwa kuwa ilikuwapo tu. Mimi nilichokuwa nalinda ni mashine dhidi ya mkono wa mama mkwe.

Mvua iliyofuata akachomoa. Nikakaa sebuleni na saa. Anga lilipotulia nikasikia akichomeka, feni ikaanza, na baada ya dakika tatu mafaili yote yakawa mbele yangu kwenye laptopu, mazima. Nilisimama nikacheza kidogo peke yangu. Mvua ya pili, ya tatu, ya kumi, vivyo hivyo. Nilikuwa mtu mwenye furaha.

Nadhani ni furaha hiyo iliyomfanya mama aulize. Tulikuwa tunakula, sote, yeye kwenye kiti chake karibu na mlango wa koridoni. "Hebu mwulize mkwe, kile kidude kinafanya kazi gani hasa?"

Mke wangu akaanza kueleza mwenyewe: picha, mitihani, nyimbo za kwaya. Kisha akasema sentensi ambayo alikuwa ameisikia kwangu mara mia bila kuijali. "Na uzuri wake, mama, hakiandiki juu ya kitu. Kilichokuwapo hakifutwi."

Mama akaacha kula. "Hakiandiki juu?"

"Hakiandiki juu."

Sikujua wakati ule kwa nini swali hilo lilikuwa kubwa kwake. Mke wangu alinisimulia baadaye. Kaseti hazikuwa tatu, zilikuwa nne. Mama hakujua kusoma, na hakupenda barua za mumewe zisomwe na watoto wa jirani, ndiyo maana mzee akawa anajirekodi. Kaseti zilikuja kwa mikono ya watu wa huku waliokuwa wanarudi kutoka Tanga. Baada ya mazishi shemeji mmoja wa mama aliazima kaseti moja, akairudisha ikiwa na muziki wa dansi pande zote mbili. Alikuwa amerekodi juu. Tangu siku hiyo zilizobaki zilifungwa kwenye khanga, hazikuonekana tena, hata wanawe walipolia wakiziomba.

Siku nne zikapita. Siku ya tano, mimi nikiwa nakunywa chai kabla ya kwenda shule, akatoka chumbani na begi lake la zipu. Akatoa kifurushi, akakifungua pole pole, akaziweka kaseti tatu mezani. Hakuziweka mbele ya mwanawe, aliziweka mbele yangu. Nilishusha macho nikazipokea kwa mikono miwili.

Kuna mzee mmoja sokoni ambaye bado anatengeneza redio kaseti. Aliniuzia moja, akaibadilisha mkanda wa ndani, akazitazama kaseti kwenye mwanga. Zilikuwa na ukungu mweupe pembeni. "Hizi, mwalimu, cheza mara moja tu," akasema. "Na usizirudishe nyuma. Zitakatika."

Nikazicheza mara moja. Jumamosi asubuhi mke wangu na mama walikwenda kanisani kwenye maandalizi ya harusi, watoto nikawapeleka kwa shangazi yao, nikafunga madirisha. Waya kutoka redio mpaka laptopu, na kutoka laptopu sauti ikawa inaandikwa moja kwa moja kwenye seva. Ya kwanza ilikuwa salamu na habari za mshahara na nani amefika na nani mgonjwa. Ya pili ilikuwa na nyimbo. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia, ya mtu mwenye haya, na kweli alikuwa anakohoa kabla ya jambo zito. Sikusikiliza sana. Niliona si haki nisikie kabla ya mwanawe. Nilikuwa naangalia tu mistari ya sauti inavyopanda na kushuka kwenye kioo.

Ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho kutumwa, ilikuwa na matatizo. Mistari ilipanda kidogo, kisha ikalala, sekunde nane, kumi, kumi na tano za ukimya na chwaa, ule mvumo wa kaseti, kisha ikapanda tena. Ilipofika karibu na mwisho, redio ikaanza kuutafuna utepe. Nilichomoa haraka, lakini ulikuwa umeshakatika vipande viwili na kusagika. Hata hivyo nilikuwa nimeipata karibu yote.

Na hapo ndipo mwalimu akaamua kufanya kazi safi. Nilijiambia yale mapengo ni ukungu umekula sauti. Nina programu inayoondoa ukimya kwa kubonyeza mara moja, naitumia kwa masomo ninayowarekodia wanafunzi. Mchana ule nikabonyeza. Dakika thelathini na moja zikawa dakika kumi na tisa, safi, hazina chwaa. Nikalihifadhi faili kwa jina lilelile. Nikajiona fundi.

Jumapili baada ya chakula niliunganisha laptopu na spika, nikaketi mbali kidogo kama inavyopasa. Mke wangu alikaa chini karibu na spika, akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Mama kwenye kiti chake. Kaseti ya kwanza ilipoanza, mke wangu aliweka mkono mdomoni na hakuuondoa. Sitaeleza uso wake. Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, mara akasema, "Ee, ndivyo, ndivyo," kama mtu anayeongea kwa simu. Ya pili wote wawili waliimba. Nilikuwa nimejaa fahari hadi shingoni.

Nikaweka ya tatu.

Mzee alianza kwa kumsalimu mkubwa wao. Lakini alikuwa anaongea haraka ajabu, maneno yakigongana. Nisalimie marahaba umefaulu vizuri umsaidie mama. Akaruka kwa wa pili, marahaba, unaendeleaje na ng'ombe, vizuri. Mama aliinua mkono. Nikasimamisha.

"Mwulize mkwe," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huyu anakimbia kwenda wapi?"

Mke wangu akanigeukia. Nikaeleza habari za ukungu na mapengo niliyoyaondoa.

"Hayakuwa mapengo," mama akasema. "Alikuwa anawangoja. Anamwita mtoto, ananyamaza ili mtoto aitikie. Nilikuwa nawapanga mstari mbele ya redio. Wamemkata."

Hakusema nimemkata. Alisema wamemkata, ili asinitaje, na hilo lilinichoma zaidi. Akashika fimbo yake, akaenda chumbani, akarudishia mlango. Mke wangu hakunilaumu. Alibaki pale sakafuni akichezea pindo la gauni, akasema tu kwamba zamu yake ilikuwa haijafika. Katika kaseti zile nyingine mbili mzee alikuwa hamtaji kabisa, maana mke wangu alikuwa bado mchanga. Ni kwenye hii tu.

Nilitoka nikasimama uani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona darasani wala popote. Mwaka mzima nilikuwa nahangaika kuilinda mashine na mama mkwe, na mama mkwe hakuwahi kuharibu herufi moja. Aliyekuja kurekodi juu ya sauti ya mzee, kama yule shemeji wa zamani, ni mimi, tena kwa kitufe kimoja na kwa kujisifu.

Nikiwa bado nimesimama, neno lile lile likanirudia kichwani. Haiandiki juu. Nikakimbia ndani. Nilirekodi asubuhi, nilikata mchana. Kati ya hapo saa zilipita, na kila saa mfumo uliweka alama yake. Nikafungua laptopu, nikaandika anwani ya seva. Haipatikani. Nikaandika tena. Haipatikani. Ndipo niliposikia ngurumo upande wa Matogoro, na nikatambua kwamba mama huko chumbani alikuwa ameshaichomoa seva.

Mvua ile ilinyesha saa nzima na dakika kadhaa. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti. Mke wangu alipojua ninangoja nini, alikuja akakaa karibu nami, naye akangoja bila kuuliza uliza. Bati lilipoanza kunyamaza alikwenda kugonga mlango wa mama yake. Nilisikia minong'ono mirefu. Kisha plagi ikaingia, feni ikaanza kuvuma, na mimi nikawa nahesabu. Dakika tatu. Hakuna aliyebonyeza kitu, hakuna aliyeulizwa swali. Seva iliamka yenyewe.

Nikafungua alama ya Jumamosi saa sita mchana. Faili lilikuwapo. Dakika thelathini na moja.

Nikamwonyesha mke wangu kwa kidole. Alisoma namba, akainuka, akaenda mlangoni kwa mama yake akasema, "Mama, njoo. Amerudi."

Tukakaa kama mwanzo. Chwaa ya kaseti ikajaa sebuleni, na safari hii hakuna aliyeiona kuwa uchafu. Mzee akakohoa, akamwita mkubwa wao, akasema nisalimie, akanyamaza. Kaka huyo mkubwa alishafariki. Mama akatikisa kichwa pole pole mpaka ukimya ukaisha na mzee akasema marahaba. Akamwita wa pili, ambaye yuko Mbinga, akamngoja. Akamwita wa tatu, akamngoja. Mimi nilikuwa nimekaa na mikono mapajani, sithubutu hata kusogeza kiti.

"Na kitinda mimba wangu," mzee akasema. "Yuko wapi? Msogezeni karibu na redio. Haya, nisalimie."

Mke wangu alipiga magoti mbele ya spika. Ana miaka arobaini na kitu, mama wa watoto wawili.

"Shikamoo, baba," akasema.

Chwaa iliendelea muda mrefu. Mzee alikuwa anampa nafasi.

"Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

Mke wangu alimtazama mama yake kwanza, kama anayeuliza ajibu nini. Kisha akaigeukia spika.

"Nimekula, baba."